UZI: Liquid Tension Experiment (1998), albamu ya roki isiyo na mwimbaji. Waliokulia kwenye taarab asilia, hii ni yenu

BashrafuZnz (mleta uzi):

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Uzi huu ni mrefu, naomba mwenye haraka aupitie baadaye akitulia. Kila likitajwa neno roki hapa Unguja, mazungumzo yanaishia kwa Freddie Mercury aliyezaliwa hapa mwaka 1946. Wageni wanapiga picha Shangani, sisi tunajivunia, na habari imekwisha. Lakini roki ina matawi mengi, na lipo tawi moja lisilo na mwimbaji hata mmoja, ala tupu mwanzo mpaka mwisho. Mimi nadai kuwa Mzanzibari aliyekulia na taarab asilia ana sikio lililo tayari kwa tawi hilo, ila hajaambiwa tu. Hoja yangu inasimama juu ya bashrafu, kile kipande cha ala tupu kinachofungua taarab, nitaifikia.

Albamu ninayoizungumzia inaitwa Liquid Tension Experiment, na kundi lenyewe lina jina hilo hilo. Ilitoka Marekani mwaka 1998 kwa kampuni ya Magna Carta. Wapigaji ni wanne: Mike Portnoy kwenye dramu, John Petrucci gitaa, Jordan Rudess vinanda, na Tony Levin besi pamoja na ala moja ya ajabu iitwayo Chapman Stick. Portnoy na Petrucci walikuwa tayari wenzi katika Dream Theater, kundi kubwa la metali progresivu, yaani roki nzito yenye miundo tata. Levin ni mkongwe wa kundi la roki la King Crimson na ndiye aliyempigia besi mwimbaji Peter Gabriel miaka nenda miaka rudi. Rudess aliingia Juilliard, chuo cha muziki cha New York, akiwa mtoto wa miaka 9 kusomea piano ya kiklasiki.

Kabla ya hapo hawakuwa kundi. Walikutanishwa studio, Septemba 1997, huko Millbrook katika jimbo la New York, wakapewa siku chache tu za kutunga na kurekodi. Hakuna aliyekuja na albamu mkobani. Mmoja anaanzisha kipande, mwengine anakidaka, wanakipanga, wanakirekodi, wanahamia kingine. Ukijua hilo, unavyoisikiliza inabadilika kabisa, kwa sababu unachosikia si wimbo uliofanyiwa mazoezi mwaka mzima. Unasikia watu wanne wakijuana.

Sasa muziki wenyewe, ambao ni mchanganyiko wa metali na jazi. Metali imo: gitaa la mkwaruzo mzito, nyuzi za chini zinazopigwa huku zimezibwa na ukingo wa kiganja, na dramu la mguu linalokanyagwa kwa miguu yote miwili. Jazi fyusheni nayo imo, na asili yake ni ya zamani zaidi. Mpiga tarumbeta Miles Davis alipotoa albamu ya Bitches Brew mwaka 1970 alikuwa ameitia jazi kwenye vyombo vya umeme. John McLaughlin, aliyepiga gitaa humo, akaunda Mahavishnu Orchestra wakatoa The Inner Mounting Flame mwaka 1971, na humo utawakuta Billy Cobham, mzaliwa wa Panama, kwenye dramu, na Jerry Goodman kwenye fidla. Mwenye mapenzi na fidla za taarab nampa hiyo kama kazi ya ziada. Fidla la Goodman linakimbizana na gitaa kwa kasi ambayo wengi walidhani haiwezekani. Hawa wanne wa 1998 wamekaa kwenye kiti kilichochongwa na wale.

Nije kwenye bashrafu.

Onyesho la taarab asilia, liwe la Ikhwani Safaa iliyoanza mwaka 1905 au la Culture Musical Club, kwa desturi hufunguliwa na bashrafu. Mwimbaji hajaonekana. Fidla, kanuni, udi, nai, akodiani, wote wanakwenda na sauti moja, kila mmoja akiipamba kwa namna ya chombo chake. Kipande kina khana, yaani sehemu zake, na baada ya kila khana inarudi taslimu, ile sehemu ambayo sikio limeshaizoea. Mtu akienda mbali kiasi gani, taslimu inamrudisha. Na ukitaka mtu mmoja aachiwe uwanja, ipo taksimu: anabuni papo hapo ndani ya makamu, yaani ngazi ya sauti ya kipande, wengine wanamtega sikio.

Basi chukua hayo yote nenda nayo kwenye kibao cha kwanza, Paradigm Shift, karibu dakika 9. Kinaanza kwa fujo, na mgeni atasema hizi kelele. Tulia. Sikiliza gitaa na kinanda vinavyokwenda sambamba, noti kwa noti, kama fidla na kanuni zinavyokwenda sambamba kwenye bashrafu. Kisha fujo inakatika, besi inabaki chini inatembea polepole, wengine wanaingia mmoja mmoja na taksimu zao. Halafu lile la mwanzo linarudi. Likirudi utalitambua, na hapo ndipo utakapojikuta unatikisa kichwa. Muundo huo tunao hapa kwetu tangu enzi za mababu.

Vibao vyengine nitavipitia kwa kadiri ya mapenzi yangu. Osmosis ni kifupi na kimepoa, nakipenda usiku. Kindred Spirits kina lahani ya gitaa inayoimba waziwazi, nadhani hata mama yangu angeipokea. The Stretch ni dakika mbili za kunyoosha viungo, kama jina lake. Freedom of Speech kinaanza kwa upole wa piano na kinapanda ngazi kwa ngazi mpaka dakika ya tisa. State of Grace ni Petrucci na Rudess peke yao, gitaa na piano, hakuna dramu wala besi, na kwangu mimi ndicho kibao kizuri kuliko vyote humu. Universal Mind ndicho wanachokipenda mashabiki wengi duniani, kina michezo na mbio nyingi.

Baada ya hapo inakuja Three Minute Warning. Hii imekatwa vipande vitano kwenye diski lakini ni kipande kimoja, dakika 28 na ushei, walichokipiga papo kwa papo bila kutunga kabla. Kwenye kasha lake wameandika tahadhari kwamba hakiwafai wasio na subira. Nitakirudia chini, kwa sababu najua ndicho kitakacholeta ubishi.

Karibuni.

FumboMfumbie:

Waalaykum salaam. Yakhe uzi umeandikwa vizuri, nakupa haki yako. Lakini taarab ni maneno. Mtu anakwenda kwenye taarab asikie fumbo, ajue nani kapigwa dongo, ainuke akatunze. Muziki usio na neno hata moja nitamtunza nani, gitaa? Na kwenye bashrafu watu wanasalimiana tu, wanatafuta viti.

BashrafuZnz:

Bi FumboMfumbie, kweli wapo wanaotafuta viti, na nawajua. Lakini watazame wazee wa safu ya mbele wakati huo huo. Hao wameshakaa, macho wamefumba, kidole kimoja kinahesabu juu ya goti. Wao wanakuja kwa ajili ya dakika zile kabla mtu hajafungua mdomo. Fumbo la maneno linamlenga mtu, sikatai utamu wake. Bashrafu haimlengi mtu yeyote, ndiyo maana unaweza kuisikiliza ukiwa na furaha au ukiwa na msiba na ikakupokea hivyo hivyo. State of Grace ndivyo kilivyo. Hebu kisikilize mara moja usiku watoto wakilala, dakika tano tu, kisha rudi hapa uniambie kama umekosa neno.

DramuNaMsewe:

Mkuu mimi ni mwanafunzi wa muziki, napiga dramu. Huyu Portnoy namfuatilia sana. Tatizo langu ni mizani. Nikimsikiliza nahesabu nne, ghafla napotea, nikirudi wameshafika mbali. Nyinyi mnahesabu vipi?

BashrafuZnz:

Mdogo wangu, swali hili nimelingojea.

Muulize mpiga dumbak yeyote mzee, ile ngoma ya taarab, akupigie samai. Samai ni ndugu yake bashrafu, na mzunguko wake ni wa kumi: DUM, kimya, kimya, TAK, kimya, DUM, DUM, TAK, kimya, kimya (DUM ni pigo zito, TAK ni jepesi). Ukiigawa unapata tatu, mbili, mbili, tatu. Ukishikilia kuhesabu nne nne utapotea hapo hapo, na wala hapana mzee wa taarab anayehesabu hivyo. Ameimeza ile sura nzima, anajua DUM mbili za kati ziko wapi, basi. Zaidi ya hapo, kwenye samai khana ya nne kwa kawaida inabadilisha mizani, mara nyingi inakuwa ya tatu au ya sita na mwendo unachangamka, kisha taslimu inaturudisha kwenye kumi. Roki progresivu inasifiwa duniani kwa kubadilisha mizani katikati ya kipande. Babu zetu walikuwa wanafanya hivyo wamevaa kanzu.

Kwa hiyo ukimsikiliza Portnoy acha nambari kwanza. Shika tasa yake, ile anayoigonga mfululizo kwa mkono wa kulia, kisha tafuta DUM. Akibadilisha, usikimbilie kuhesabu, ngoja mzunguko upite mara mbili, sura itajitokeza. Nambari utaziandika baadaye ukitaka kukipiga mwenyewe.

Kingine, sikiliza Chris and Kevin's Excellent Adventure. Ni Portnoy na Levin wawili tu, dramu na besi, dakika mbili na kidogo. Humo hapana gitaa la kukuziba, utasikia wanavyopeana nafasi.

KanuniMkononi:

Assalaam alaykum. Mimi ni mpiga kanuni, roki si fani yangu. Mleta uzi tunajuana, alinipa visikilizio siku moja tukingojea mazoezi yaanze, nikasikia kipande bila kuambiwa nani anapiga. Nikamuuliza hapohapo, huyu wa chini anatumia mikono yote miwili? Maana nilisikia sauti mbili zinatembea tofauti, moja nzito moja nyembamba, na mguso wake si wa kuvuta uzi.

Sasa naomba uwaeleze wenzangu hiyo ala.

BashrafuZnz:

Ahsante sana mzee wangu, na sikio lako Mungu akuhifadhie. Nilikuwa nimekaa naye, pete za risha ziko tayari kwenye vidole vya shahada, na aliposikia ile sauti mikono yake yote miwili ilianza kucheza juu ya goti kana kwamba kanuni iko pale.

Chapman Stick ilibuniwa na Mmarekani Emmett Chapman. Ni ubao mrefu mwembamba, hauna tumbo kama la udi, unaning'inizwa mbele ya kifua. Ya kawaida ina nyuzi 10 au 12, nusu ni za besi na nusu ni za juu. Huchomoi uzi wala huupigi kwa risha, unaugonga kwa ncha ya kidole juu ya ubao na sauti inatoka kwa umeme. Kwa vile mkono mmoja unatosha kutoa noti, mikono miwili inafanya kazi mbili, na ndiyo maana mpiga kanuni aliitambua kabla ya mpiga gitaa yeyote niliyemsikilizisha.

Huyo Levin ana ubunifu mwengine pia. Peter Gabriel alipokuwa anarekodi wimbo wa Big Time, mpiga dramu alizigonga nyuzi za besi kwa vijiti vyake huku Levin akishika noti kwa mkono wa kushoto. Levin baadaye akaanza kutumia vijiti vifupi vya kuvaa vidoleni, apate sauti ile peke yake. Mtu wa namna hii ukimweka pamoja na vijana wa metali, ndiye anayewatia adabu. Kila Petrucci na Rudess wanapotaka kukimbia moja kwa moja, Levin anabaki chini na noti chache zilizo mahala pake, nao wanarudi.

MtuWaMichenzani:

Nimeisikiliza yote leo. Sitadanganya, nusu yake ni mashindano ya vidole. Noti elfu kwa dakika, mimi nahisi nini? Na hiyo Three Minute Warning nimeizima dakika ya kumi na tano. Dakika 28 watu wanapapasa. Wangeikata wabakishe tano nzuri.

BashrafuZnz:

Kaka, hoja yako ina nguvu na sitaikwepa. Kweli kuna mahali humu vidole vinatangulia mbele ya moyo. Universal Mind kwa maoni yangu kina mbio zaidi ya zinazohitajika, pamoja na kwamba kinapendwa. Kasi si dhambi, ila mtu akikimbia nataka nijue anakwenda wapi, na humo kuna dakika ambazo sijui.

Lakini Three Minute Warning nitaitetea. Umesema wanapapasa, naam, wanapapasa, na wamekuachia usikie. Mpiga udi anapoanza taksimu hafiki kwenye utamu papo hapo. Anagusa makamu, anarudi, anagusa tena juu kidogo, anatafuta. Ukimkatia ule utafutaji ukabakisha dakika ya utamu, utamu wenyewe unakufa, kwa sababu masikio yako hayakutembea naye. Kwenye kipande hiki unasikia mmoja anatoa wazo, wenzake wanalijaribu, halifai, wanaliacha. Kisha besi inapata kitu, inakirudia, dramu inakidaka, na kwa dakika kadhaa watu wanne ambao juzi hawakuwa kundi wanakuwa chombo kimoja. Albamu nyingi zinakuficha hilo, hii imelianika.

Na uwezo huo haukuwa wa bahati. Mwaka 2008 walirudi jukwaani, na huko Chicago kinanda cha Rudess kikafa katikati ya onyesho. Hawakushuka. Waliendelea kubuni papo hapo mbele ya watu, na onyesho lile likatolewa kuwa albamu mwaka 2009, jina lake When the Keyboard Breaks. Walipokuwa wanarekodi albamu ya pili, iliyotoka 1999, mke wa Petrucci alishikwa na uchungu ikabidi aondoke. Waliobaki watatu hawakukaa kumngojea, waliwasha mitambo wakapiga, na rekodi zile zikatoka mwaka 2007 kwa jina la Liquid Trio Experiment. Watu wanaopapasa bila kujua wanachotafuta hawawezi hayo.

Nakuomba kitu kimoja. Usianze tena mwanzo. Anza pale ulipozima, dakika ya kumi na tano, ukiwa umekaa, simu iko mbali.

MtuWaMichenzani:

Sawa, nitajaribu. Ila kwa kizazi chetu kuna kundi la Animals as Leaders, la mpiga gitaa Tosin Abasi. Hao wamewapita.

BashrafuZnz:

Hapo umenigusa, nawapenda sana. Tosin Abasi ni Mmarekani mtoto wa wazazi wa Nigeria, na albamu yao ya kwanza ya mwaka 2009 alitumia gitaa la nyuzi nane. Kuna ufundi wake wa kupiga nyuzi kwa kidole gumba kwenda chini na kurudi juu, ufundi wa wapiga besi, yeye akauleta kwenye gitaa, ndiyo maana wakati mwengine gitaa lake linasikika kama ngoma. Kwa mdundo wamefika mbali kuliko hawa wa 1998.

Lakini ile albamu ya 2009 dramu zake zilipangwa kwa kompyuta, na Misha Mansoor ndiye aliyekaa naye kuitengeneza. Ni kazi ya fundi mmoja na msaidizi wake, imepimwa kwa rula. Mimi uzi huu nauandika kwa ajili ya watu wanne chumbani wanaotazamana usoni. Sikiliza zote mbili, tofauti utaisikia bila kuelezwa.

DramuNaMsewe:

Mkuu, hivi hapa kwetu tunaweza kufanya kitu hiki? Namaanisha metali na jazi pamoja na makamu zetu?

BashrafuZnz:

Tunaweza, na upande wa jazi njia imeshafunguliwa. Siti and the Band wanachanganya taarab na jazi, na tamasha la Sauti za Busara tangu 2004 imetuzoesha kusikia kila aina pale Ngome Kongwe. Kinachobaki ni gitaa zito. Tahadhari yangu ni moja ya kiufundi: makamu kama rasti na bayati yana robo sauti, na gitaa la kawaida lina vizuizi vya chuma vinavyokulazimisha nusu sauti. Mkianza, anzeni na hijazi au nahawandi, ambazo gitaa linaziweza. Rasti iachieni fidla na udi, gitaa likae chini lishike mdundo. Na mpiga dramu, wewe, anza na samai polepole kwa miguu miwili. Ukiiweza kwa mwendo wa taarab, ongeza kasi kidogo kidogo, utaona metali inajitokeza yenyewe.

FumboMfumbie:

Nimeisikiliza hiyo State of Grace jana usiku. Nimeirudia. Piano ile ina huzuni ya mtu mzima. Sijabadilisha msimamo kuhusu maneno, lakini hii nimeihifadhi.

BashrafuZnz:

Bi, umenifurahisha sana, wallahi. Sasa chukua Kindred Spirits.

MtotoWaWete:

Salaam kutoka Pemba. Nimesoma uzi wote, umeme ulikatika nikaendelea na simu. Bando langu si kubwa na spika niliyonayo ni ndogo. Nianze na kipi, na nisikilize vipi?

BashrafuZnz:

Waalaykum salaam ndugu yangu wa Wete. Weka spika pembeni, tumia visikilizio hata vya bei rahisi, maana spika ndogo inammeza Levin wote na bila yeye utasikia gitaa tu. Usichukue albamu nzima, inazidi saa moja. Chukua State of Grace kwanza, kisha Chris and Kevin, kisha Paradigm Shift, kwa mpangilio huo. Video usifungue, inakula bando bure, tafuta sauti peke yake. Ukifika Paradigm Shift fuata besi pekee mara ya kwanza, mara ya pili ndio ufuate gitaa. Three Minute Warning ihifadhi siku utakayopata WiFi ya mtu, uipakue yote vipande vitano. Angalia simu isiweke kimya kati ya kipande na kipande, kwa sababu muziki haukatiki.